Kichwa cha treni ya mfano cha U kinagoma kwenye pointi: usikiuze, lisha reli

SWALI: Shikamoo fundi. Tuko Linz, Austria. Mimi na mwanangu tumejenga mfano wa kituo cha Ober-Grafendorf kwa H0e (treni ndogo za njia nyembamba, kipimo cha 1:87), pale reli ya Mariazell inapoachana na ile ya Krumpe. Meza ina urefu wa mita tatu na nusu, mfumo ni wa dijitali. Mwaka jana treni zote zilikwenda bila shida. Tulipomaliza kumwaga kokoto na kupaka reli rangi ya kutu, kichwa cha mvuke cha aina ya U kikaanza kugoma, hasa kwenye pointi (pale reli zinapogawanyika) na upande wa kwenda Mank, kwenye njia ya Krumpe. Kichwa cha umeme cha aina ya 1099 kinapita palepale. Nimepima kwa mita, volti ni 14 kila mahali. Nimesugua reli kwa msasa laini na kupaka mafuta kidogo kama nilivyoshauriwa, ikakaa sawa siku chache tu. Muuzaji anasema kichwa ni kibovu nikiuze, la sivyo nifunge kapasita (ya kuhifadhi umeme kidogo ndani ya kichwa) na ninunue kituo cha kuongozea, kile kisanduku kinachotia umeme na amri kwenye reli, cha ampea 5. Nifanye nini? Na je, 1099 naweza kuilisha kwa waya wa juu?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kichwa chako ni kizima. Huyo muuzaji mwambie umeghairi.

Jibu lako umeliandika mwenyewe: shida ilianza baada ya kokoto na rangi. Kokoto umezigandisha kwa gundi ya maji, sivyo? Ile gundi inatambaa. Inafuata upenyo wowote mwembamba unaoukuta, na upenyo mwembamba kuliko wote kwenye meza yako uko ndani ya vile viungio vya bati unavyochomeka kati ya kipande na kipande cha reli. Rangi ya kutu nayo inapita humohumo. Siku unayomaliza kazi kila kitu kinakwenda, kwa sababu bati bado linabana reli. Baadaye joto na baridi vinaicheza reli kidogo, gundi inaingia mahali palipokuwa pakigusana, na umeme unaanza kupita kwa shida. Kwenye pointi ni vilevile: zile ndimi zinazosogea hupokea umeme kwa kugusa reli ya pembeni, na wewe pale umepiga brashi ya rangi. Ndiyo maana mwaka jana ilikwenda na sasa haiendi. Hakuna mashine iliyozeeka.

Dhana inayonichosha ni hii ya kwamba viungio vya bati ni waya. Si waya! Kazi yake ni kushika reli mbili zisipishane. Kupitisha umeme ni hisani tu, na hisani ina mwisho. Naletewa vichwa vya njia nyembamba nyingine za Austria, vya Zillertal, vya Pinzgau, vya Waldviertel, wenyewe wakiapa kwamba mota imekufa. Navilaza kwenye reli yangu ya majaribio, vinatembea kama vimetoka kiwandani. Mtu ameshatumia euro mia kadhaa kwa vichwa vingine wakati alichokosa ni mita chache za waya wa shaba.

Wengi wanaposikia hivyo hunijibu kama wewe: lakini mita inasoma 14. Mita haili umeme, ndugu. Inaonja tu. Hata kiungio kilichobakiwa na uzi mmoja wa mguso kitaipa mita volti zote 14, kwa sababu hakuna mzigo unaovuta. Chukua balbu ndogo ya gari, ile ya volti 12 na wati 5, ilehemu nyaya mbili, uguse reli zote mbili kule mwisho upande wa Mank. Sasa pima volti ukiwa umeiwasha. Hapo utaona ukweli. Ikishuka zaidi ya volti moja kulinganisha na pale umeme unapoingilia mezani, reli zako zina njaa. Kisha, balbu ikiwa bado inawaka, weka ncha moja ya mita upande huu wa kiungio na ncha ya pili upande wa pili, juu ya reli ileile. Kiungio kizima kitasoma karibu na sifuri. Kikisoma nusu volti umemkamata mwizi. Tembea hivyo kiungio kwa kiungio, na mwanao aandike.

Kuhusu 1099 kupita palepale U inapogoma, hilo ndilo linalowapoteza watu wengi zaidi, maana linafanana na ushahidi. Hesabu magurudumu. 1099 ina mabogi mawili, yaani fremu za magurudumu, kila moja lina ekseli tatu, kwa hiyo inasimama juu ya magurudumu 12 yaliyotawanyika toka mbele hadi nyuma. Ina uzito pia. Nusu yake ikiwa mahali pakavu, nusu nyingine inakunywa. U ina ekseli tatu za kuendesha zilizobanana na ekseli moja ndogo nyuma, ambayo kwenye mifano mingi ni nyepesi hata kuigusa reli vizuri ni mashaka. Ikifika katikati ya pointi, kwenye kile kitovu cha plastiki reli zinapokatizana, inabaki na gurudumu moja au mawili yanayopokea, nayo yako juu ya ulimi uliopakwa rangi. Lazima isimame. Ajabu ni kwamba vyote viwili asili yake ni hapohapo mjini kwako: U zilianza kutoka kiwanda cha Krauss cha Linz mwaka 1894 kwa ajili ya njia ya Unzmarkt, ndiyo hiyo herufi yake, na sehemu za kimekanika za 1099 ziliundwa katika kiwanda hichohicho kabla ya Vita vya Kwanza.

Na wewe umejenga njia ya Mariazell, kwa hiyo hili ungelijua kabla ya watu wote. Walipoitia umeme ile njia, kazi iliyokamilika 1911, walikuwa na zaidi ya kilomita 80 za kulisha toka St. Pölten mpaka milimani. Hawakuchomeka waya mmoja mwanzo wa njia wakaomba Mungu. Umeme ulizalishwa Wienerbruck, ukapelekwa kwa msongo mkubwa hadi vituo vidogo kando ya reli, na huko ndiko uliposhushwa kuwa volti 6,500 na kuingizwa kwenye waya wa treni sehemu mbalimbali. Mhandisi aliyeisukuma kazi hiyo, Eduard Engelmann mdogo, alikuwa pia bingwa wa Ulaya wa kuteleza kwenye barafu, mara tatu mfululizo. Tuache hayo. Ninachosema ni kwamba njia halisi ililishwa kutoka sehemu nyingi, halafu mtu anaijenga kwa 1:87, anatia nyaya mbili pembeni mwa meza, na kulaumu kichwa.

Sasa msasa. Msasa ulioambiwa ni laini bado unachora mistari juu ya reli, na ndani ya ile mistari ndimo uchafu mweusi unamokaa kwa raha. Siku mbili tatu reli inang'aa na treni inakimbia, aliyekushauri anapata sifa, halafu unasugua tena, na tena, mpaka reli inakuwa kama tupa. Mafuta ya kupuliza ya kulegezea skrubu ni mabaya zaidi: yanakusanya vumbi, na zile pete za mpira kwenye magurudumu zinaanza kuteleza kwenye mpando. Futa mafuta yote kwa kitambaa kisicho na nyuzi na spiriti safi ya isopropili. Magurudumu nayo yafute, maana wengi husafisha reli na kurudishia juu yake kichwa chenye magurudumu meusi. Mistari ya msasa isugue kwa kitu bapa cha chuma laini, kwa mfano mgongo wa kijiko, ukikandamiza taratibu mpaka ilale. Haitarudi kuwa mpya. Itatosha.

Kapasita si kitu kibaya, mimi mwenyewe nazifunga, lakini naifunga ya mwisho, meza ikiwa imeshapita mtihani wa balbu. Inamvusha kichwa sehemu kavu ya sekunde moja. Haiwezi kuleta volti ambazo hazikufika. Ukiifunga leo utaficha ugonjwa miezi michache, na utakuwa umetoboa tangi la maji la U bure kutafuta nafasi.

Lakini hicho kituo cha ampea 5 ndicho kilichonifanya nikaandika kwa urefu hivi, na hapa siwaambii ninyi wa Linz peke yenu. H0e haihitaji nguvu hiyo. Vichwa vyako viwili vikipanda pamoja na mabehewa yake havifikishi ampea moja. Vituo vya ampea 5 na kuendelea ni vya treni kubwa za bustani au meza zinazoendesha vichwa vingi kwa pamoja. Volti 14 mara ampea 5 ni wati 70, na pasi yangu ya kulehemu ni ya wati 40. Treni ikitoka njiani kule Mank na gurudumu likaunganisha reli mbili, kituo kinatakiwa kizime papo hapo. Kwenye meza yenye viungio vibovu hakizimi, kwa sababu ule ukinzani wa viungio unauzuia umeme usifike kiwango cha kukizimisha. Kituo kinadhani treni inavuta mzigo. Umeme wote huo unapita kwenye waya mwembamba kama unywele ndani ya bogi, na bogi ni plastiki. Nimepokea mabogi yaliyoyeyuka yakashikana na mataruma. Aliyewauzia wenyewe kituo hicho alikuwa ameshahesabu fedha zake.

Kwa hiyo kila mwenye meza ya dijitali, ya geji yoyote (upana kati ya reli mbili), achukue sarafu ailaze juu ya reli mbili, mita moja hadi nyingine, mpaka kona ya mwisho kabisa. Kila inapolala, kituo lazima kizime mara moja. Mahali kisipozima, itoe sarafu haraka, na hapo usiendeshe treni mpaka umeongeza waya. Anayekushauri uongeze ampea bila kukuuliza kama umefanya jaribio hili hajui anachouza, au anakijua vizuri sana.

Turudi mezani kwenu. Pitisha chini ya meza nyaya mbili kuu za shaba, milimita za mraba 1.5, rangi mbili tofauti, kufuata njia. Kila kipande cha reli kipate waya wake mwembamba kushuka kwenye nyaya hizo, usiozidi urefu wa kiganja. Kokoto huna haja ya kuzing'oa zote. Loanisha sehemu ndogo kwa maji ya moto yenye tone la sabuni, subiri gundi ilainike, toa kokoto kwa kijiti, toboa meza tundu la milimita mbili kando ya reli, upande ambao watazamaji hawauoni. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae. Weka vipande vya karatasi ya chooni iliyolowa pande zote mbili za sehemu unayolehemu, la sivyo mataruma ya plastiki yatalegea na geji itafunguka. Pasi iwe na moto wa kutosha ili ushike sekunde mbili na kuachia. Wanaoogopa moto hushika pasi ya baridi kwa muda mrefu, nao ndio wanaoyeyusha.

Kwenye pointi, kwangua rangi ndani ya ndimi na mahali zinapogusa reli. Kitovu cha plastiki hakina dawa. Pointi mbili zilizo mlangoni mwa kituo, ambako U lazima ipite polepole, zibadilishe uweke zenye kitovu cha chuma kinacholishwa kupitia swichi ya mota ya pointi. Zile za kando ziache.

Waya wa juu: inawezekana kuilisha 1099 kwa huo, na kwa dijitali siipendi. Kichwa kitachukua umeme upande mmoja juu na upande wa pili kwa magurudumu ya ubavu mmoja tu. Siku mwanao atakapokinyanyua na kukigeuza, ule ubavu utakuwa juu ya reli iliyounganishwa na waya, na kitakaa kimya kama jiwe mtafute ubovu usiokuwepo. Jengeni nguzo, tandazeni waya, pantografu, kile kikono cha juu ya kichwa, iuguse kwa uzuri. Umeme uacheni upite chini.