Messerschmitt KR200: gia nne mbele, gia nne nyuma, inakuwaje?

Swali: Fundi habari za kazi. Kuna kigari cha zamani cha Mjerumani, Messerschmitt KR200 cha matairi matatu, wanasema kina gia nne za mbele na nne za kurudi nyuma. Giaboksi gani hiyo inaenea kwenye kigari kidogo vile? Na Isetta, kigari kingine kidogo cha zamani, nayo ni hivyohivyo?

Jibu: Nzuri ndugu yangu. Giaboksi yake ni ya gia nne kama ya pikipiki, rivasi haimo kabisa. Kinachogeuka ni injini yenyewe. Unasimama, unazima, unasukuma funguo ndani zaidi ya kawaida halafu unapiga starta, injini inawaka ikizunguka kinyume, basi gia zote nne unazo ila unaenda kinyumenyume.

Inawezekana sababu ile injini ni tustroki (moto unapiga kila mzunguko mmoja), Sachs ya silinda moja, cc 191, nguvu za farasi kama 10. Haina valvu wala kamshafti (shafti inayofungua valvu), pistoni yenyewe ndo inafunika na kufunua matundu ya silinda, kwa hiyo krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) izungukie huku au kule matundu yanafunguka vilevile. Fostroki, injini ya valvu kama za magari mengi, ukiizungusha kinyume valvu zinafunguka kwa mpangilio uliopinduka, inavuta kutoka kwenye egzosi na kutemea kwenye kabureta! Kazi inabaki kwenye moto wa plagi: plagi lazima ipige pistoni ikikaribia kufika juu, sasa ukigeuza mzunguko pointi (swichi inayoamua plagi ipige lini) zilezile zitapiga pistoni ishaanza kushuka. Ndo maana wakaweka seti mbili za pointi, ya kwenda na ya kurudi, na starta, ambayo ndiyo dainamo pia, inageuzwa izunguke kinyume. Kama inaenda mbele fresh ila rivasi haiwaki, anza kukagua hiyo seti ya pili.

Aliyeibuni ni Fritz Fend, injinia wa ndege aliyeanza na vigari vya walemavu baada ya vita. Messerschmitt walikuwa wamekatazwa kuunda ndege, kiwanda cha Regensburg kikapata kazi kwake: kwanza KR175 iliyoitangulia KR200, mwaka 1953, haina rivasi yoyote, halafu KR200 mwaka 1955 mpaka 1964. Watu wanapenda kusema lile paa la plastiki ni mabaki ya ndege za vita, si kweli, na abiria kukaa nyuma ya dereva ni ili gari liwe jembamba likate upepo, mi naona hapo Fend alifikiri vizuri sana.

Isetta ya BMW hapana, ile ni fostroki na ina gia ya rivasi ya kweli, ila zile za matairi matatu za Uingereza waliifunga ili mwenye leseni ya pikipiki aruhusiwe kuendesha.