Maswali yenu kuhusu vitenzi vya Kiingereza: -ed, did na ile -na- inayotuponza

Maswali mengi safari hii yanahusu kukibadilisha kitenzi cha Kiingereza kutoka wakati mmoja kwenda mwingine. Nimechagua yanayogusa vitenzi vya kawaida, yaani vile vinavyopokea -ed wakati uliopita. Visivyofuata kanuni, kama go na eat, tuviache kwanza.

Shikamoo mwalimu. Nimeingia kidato cha kwanza hapa Tabora. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, sasa karibu kila somo ni Kiingereza na vitenzi vinanichanganya. Nianzie wapi?

Marahaba mwanangu. Anza na habari njema: kitenzi cha kawaida cha Kiingereza kina maumbo manne tu. Cook, cooks, cooked, cooking. Basi. Kiswahili hupachika kila kitu ndani ya kitenzi chenyewe: nilipika, atapika, tumepika, hawajapika. Kiingereza hukiacha kitenzi karibu kama kilivyo, kikakitangulizia maneno mengine. Nitapika ni I will cook. Nimepika ni I have cooked. Nilikuwa nimepika, I had cooked. Ninapika sasa hivi, I am cooking. Nilikuwa napika, I was cooking. Andika mistari hiyo daftarini, kisha futa cook uweke wash, open au clean kwa umbo lile lile. Hakuna kingine kitakachobadilika. Fanya hivyo kila jioni kwa kitenzi kimoja kipya, na uisome mistari kwa sauti.

Mwalimu wetu anakata kila nikiandika "I didn't cooked". Jambo si limeshapita? Mbona hataki -ed?

Kwa sababu did imeshaubeba wakati uliopita. Na jambo hili unalifanya kila siku katika Kiswahili bila kulifikiria. Unasema "nilipika", lakini ukikanusha husemi "sikulipika". Unasema "sikupika": -li- imeondoka, na -ku- imechukua kazi ya kukanusha na ya kuonyesha wakati kwa pamoja. Kiingereza nacho kina zamu yake. I cooked, lakini I did not cook. She cooked, lakini Did she cook? Did ikiingia, -ed inatoka.

Iangalie na ile -s ya nafsi ya tatu umoja. She cooks. Ukiuliza, -s inahamia kwenye do: Does she cook? Ukikanusha: She doesn't cook. "Does she cooks?" nimeisikia hata kwa watu wazima wenye vyeti vyao, na wengi wao hawajawahi kuelezwa kwamba -s ni moja tu na imeshatumika.

Nafanya kazi hotelini Zanzibar. Mgeni aliniuliza kazi yangu, nikamjibu "I am cleaning rooms every day". Alinielewa, ila mwenzangu anasema nimekosea. Kweli?

Mwenzako yuko sahihi, na chanzo ni -na- yetu. "Asha anasafisha vyumba" inaweza kumaanisha yuko huko na ufagio wakati huu, au kwamba ndiyo kazi yake. Kiswahili huuachia muktadha uamue. Kiingereza hutenganisha: Asha is cleaning rooms ni sasa hivi, Asha cleans rooms ni kawaida yake.

Kipimo unacho mdomoni. Jaribu kuweka hu-. Ikiwa "mimi husafisha vyumba kila siku" inakubali, basi sema I clean rooms every day, bila am na bila -ing. Jihadhari na kitu kimoja: hu- haibadiliki kwa mtu yeyote, mimi husafisha, yeye husafisha, lakini Kiingereza kinadai -s kwa he, she na it.

Tena, want, need, like na believe kwa kawaida havitaki -ing hata kama jambo ni la dakika hii. The guest wants a towel. I need the key. Kwa kazi yako, hivi ndivyo vitakavyokufaa kuliko vyote.

"Nimemaliza jana" kwa Kiingereza si "I have finished yesterday"?

Hapana. Kiswahili cha mazungumzo huruhusu -me- na jana kukaa pamoja. Kiingereza hakiruhusu have pamoja na wakati uliokwisha kufungwa. Ukitaja jana, wiki iliyopita au 2019, tumia -ed peke yake: I finished yesterday. Usipotaja, I have finished. "Hajamaliza" ni He has not finished, na ukitaka "bado", ongeza yet. Kwa "naishi hapa tangu 2015", jambo lililoanza zamani na bado linaendelea, sema I have lived here since 2015.

Worked inatamkwaje? Sisi tunasema "wokedi".

Ni silabi moja, na -ed yake inasikika kama t. Shika koo utamke k, p au sh bila irabu: koo halitetemi, kwa hiyo worked, helped na washed huishia kwa t. Koo likitetema, kama kwenye called, cleaned na played, mwisho ni d. Silabi huongezeka tu pale kitenzi kinapoishia kwa sauti ya t au d: wanted, needed. Ulimi wetu umezoea kufunga neno kwa irabu, kwa hiyo zoezi lenyewe ni kuikata ile i ya mwisho.

Travelled au traveled?

Kenya na Tanzania tunafuata tahajia ya Uingereza: travelled. Marekani huandika traveled. Kwa vitenzi hivi Uingereza na Marekani wanakubaliana: stop ni stopped, visit ni visited kwa sababu mkazo uko kwenye silabi ya kwanza, study ni studied, na play ni played kwa kuwa y imetanguliwa na irabu.