Dawati la ajira chuoni likabidhiwe field

Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596 na ikapokea maombi zaidi ya 135,000. Wenye kumbukumbu ndefu walirudi Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 walipojazana Uwanja wa Taifa kusailiwa kwa nafasi 70 za Uhamiaji. Kwa hali hii, semina ya saa mbili ya kuandika CV haimfikishi mhitimu popote. Lakini katika vyuo nilivyowahi kufanya navyo kazi, hiyo ndiyo huduma kubwa ya ajira, tena inakuja wiki za mwisho, mwanafunzi akili yote iko kwenye mitihani na ripoti ya utafiti.

Nimefanya kazi idara ya rasilimali watu Dar es Salaam kwa miaka mingi, na siku hizi nasaidia dawati la ajira la chuo kimoja. Kwa kuwa nimekaa pande zote mbili za meza, nina jambo moja la kuwaambia wakuu wa vyuo: dawati la ajira lipewe field, yaani mafunzo ya vitendo ambayo mwanafunzi hufanya kazini.

Tunajua inavyokwenda. Mwanafunzi anapewa barua ya utambulisho, anazunguka nayo ofisi hadi ofisi juani. Mwenye mjomba serikalini au benki anapata mahali pazuri. Asiye na mtu anapokelewa kwa hisani na kuishia kutoa fotokopi na kupeleka mafaili. Msimamizi wa chuo anafika mara moja, anasaini daftari, anaondoka. Alama zinaingia, kila mtu anaona kazi imekwisha.

Kumbe kwa mwajiri zile wiki chache ndizo usaili hasa. Nimekaa vikao vingi vya kujaza nafasi ndogo za mkataba, na mara nyingi kabla tangazo halijaandikwa mkuu wa kitengo huuliza, "Yule binti aliyekuwa hapa field mwaka jana, yuko wapi?" Anamkumbuka kwa kuwa aliwahi kukaa na taarifa ya benki na vitabu vya hesabu mpaka akaona tofauti ilipo. Huyo hashindani na watu laki moja. Na aliyetoa fotokopi miezi miwili hakumbukwi, hata kama alikuwa na akili kuliko wote.

Kwa hiyo dawati lianze kuzungumza na waajiri tangu Januari, lisisubiri Julai. Liulize: mna kazi gani ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuibeba mwenyewe? Wakubaliane kazi mbili tatu, ziandikwe kwenye ile barua. Nafasi za kuaminika wapewe kwanza wasio na ndugu mjini, kwa sababu wenye ndugu watajitafutia.

Field ikiisha, mtu apige simu kwa msimamizi wa kazini aulize kitu kimoja tu: nini kilimshinda kijana wetu? Tulipoanza kufanya hivi, majibu yalirudiana mno. Hawezi kuandika barua ya kiofisi ikaeleweka. Hajui kuandika muhtasari wa kikao. Excel anaijua kwa jina. Tulipopeleka majibu hayo kwenye idara, baadhi ya wahadhiri walisema chuo kikuu si chuo cha uhazili. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Muhtasari wa kikao unaweza kuwa zoezi ndani ya somo lililopo tayari, bila kugusa mtaala, na wahadhiri wawili waliojaribu wanaendelea nalo mpaka leo.

Lipo jambo dogo linaloumiza watu wengi: nyaraka. Kwenye Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi serikalini chini ya Sekretarieti ya Ajira, majina yakitofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na vyeti vya shule, mwombaji anatakiwa awe na hati ya kisheria ya kubadili jina. Hati ya matokeo haipokelewi badala ya cheti chenyewe. Nimeona vijana wenye ufaulu mzuri wakirudishwa mlangoni siku ya usaili kwa herufi moja. Hili ni la kushughulikia mwaka wa kwanza, na dawati likimwita wakili siku moja kwa muhula linamalizika.

Halafu kuna baada ya mahafali, ambako vyuo vingi hunyamaza kabisa. Bodi ya Mikopo humpa mnufaika miezi 24 baada ya kumaliza masomo kabla hajaanza kudaiwa marejesho. Ikiwa serikali imekubali kwamba kijana anahitaji muda huo asimame, chuo nacho kimhesabu kuwa mtu wake kwa miezi hiyo hiyo 24. Apigiwe simu. Aelezwe nafasi za mafunzo ya uzoefu wa kazi kwa wahitimu zinazopitia TaESA, huduma ya ajira ya serikali, maana wengi hawajui kuwa zipo. Aliyefaulu usaili wa Sekretarieti akakosa nafasi aambiwe asikate tamaa, jina linabaki kwenye kanzidata na anaweza kupangiwa kituo baadaye. Kijana mmoja alinipigia akiniuliza kwa unyenyekevu, "Shikamoo mama, naruhusiwa bado kuja ofisini kwenu? Nimeshamaliza." Mwanangu, ndiyo kwanza unatuhitaji.

Najua jibu la utawala: hakuna watumishi, hakuna fungu. Simu kwa wasimamizi wa field hazihitaji jengo jipya. Wahadhiri tayari wanalipwa kwenda kukagua field, kwa hiyo waongezewe ukurasa mmoja wa maswali. Orodha ya waajiri waliopokea wanafunzi ipo tayari, imelala kwenye mafaili ya idara.

Na wewe uliyemaliza, chuo chako hakina hata dawati lenyewe: mtafute msimamizi wako wa field wiki hii. Usianze kwa kuomba kazi. Msalimie, mkumbushe kazi uliyomfanyia, mweleze umehitimu lini, kisha muulize kama atakubali kuwa mdhamini wako kwenye maombi. Kwenye Ajira Portal utahitaji watatu, na mtu aliyekuona ukifanya kazi ana uzito kuliko mjomba.