Tulikosa fainali kwa mechi ambayo tulikua tushafungwa

Mechi yenyewe tulikua tushafungwa, hilo ndo linaloniuma mpaka leo. Ilikua mechi ya kwanza ya msimu, Dar, ligi ya kriketi ya ova 50 (ova moja ni mipira sita, kila timu inapiga kwa zamu yake), wenzetu wamepiga rani 228, yani alama, na sisi tuko 61 wiketi sita zimeshaondoka, yani wapigaji sita wameshatolewa na zikifika kumi timu imeisha, jua la saa nane linachoma, watu wana njaa, safari ya kurudi Tanga iko mbele yetu, na pale kwenye benchi letu likaanza kusemwa neno ambalo nakuomba wewe unaeongoza timu usiliruhusu kabisa: "Ishaisha hii, pigeni tu tuondoke." Wakapiga. Mmoja akaurusha juu akadakwa, mwingine akatoka mbele akaukosa, kipa wao akavunja vile vijiti vya nyuma yake, tukaisha wote kwa 94 kwenye ova ya 27. Saa kumi tunasaka basi.

Miezi mitatu baadae msimamo wa ligi ukatumwa kwenye grupu la WhatsApp. Timu saba, kila timu imecheza sita, mbili za juu zinaenda fainali. Sisi tumeshinda nne na timu iliyokua mbele yetu imeshinda nne, pointi sawasawa, wao wamepita kwa rani reti, tofauti ni 0.11. Nilikua nyumbani Ngamiani, nikachukua kitabu cha skoa maana mimi ndo nilikua naandika pale nisipokua ndani napiga, nikakaa nacho mpaka adhana ya alfajiri.

Sasa ngoja nieleze hii rani reti maana nimekutana na makepteni wengi tu wanacheza miaka na hawaijui vizuri, wanajua ipo ila hawajui inavyokula. Unachukua rani zote ulizopiga msimu mzima ugawe kwa ova ulizocheza, alafu unatoa rani zote ulizofungwa ugawe kwa ova ulizorusha. Hapo hamna shida. Shida iko kwenye kanuni moja: timu ikitolewa wote, hata kama ni kwenye ova ya 27, inahesabiwa imecheza ova zote 50. Yani zile 94 zetu hazikugawanywa kwa 27, ziligawanywa kwa 50, ikatoka 1.88 kwa ova, na wenzetu wana 4.56. Ile mechi peke yake ilitutupa shimoni, na ova 23 tulizoziacha zilihesabiwa kama tumezicheza bila kupata kitu.

Nikapiga hesabu. Msimu mzima ova zetu za kupiga zilihesabiwa 280. Ukitaka kuziba 0.11 kwenye ova 280 unahitaji kama rani 31. Rani 31 jamani! Tungekua na watu wawili tu pale wa kusimama, hawapigi baundari (mpira kufika mpakani, rani nne) wala siksi (kuvuka mpaka bila kugusa chini, rani sita), wanagusa mpira wanakimbia moja moja kwa zile ova 23, tungefungwa vilevile na tungeenda fainali.

Na sio hiyo tu. Kuna mechi mwezi uliofuata tuliwatoa wenzetu kwa 112, tukaifukuzia polepole kama tuko matembezini Raskazone, tukaimaliza ova ya 41. Tukashangilia sana siku ile. Kumbe tungemaliza ova ya 30, na wiketi tulikua nazo za kutosha tu, ile nayo peke yake ingetupitisha. Kwahiyo kwenye kufungwa tulifanya haraka na kwenye kushinda tulizubaa, ilitakiwa iwe kinyume chake.

Ndo maana kijana akiniuliza (na wananiuliza, hasa hawa wadogo zetu wanaotoka kwenye kriketi ya mashule wanaingia ligi ya wakubwa) kaka nijiandae vipi na msimu wa ova 50, mi siongelei kwanza habari ya bati wala viatu. Namwambia nunua daftari. Kila mechi kabla hujalala andika rani zenu, ova zenu, rani zao, ova zao, na mbele yake andika mko wapi. Usingoje watu wa ligi wakutumie. Ukifika mechi ya nne unatakiwa ujue kabisa leo tukishinda tushinde kwa ova ngapi, na tukifungwa tusishuke chini ya ngapi. Na uwaambie wachezaji wote, hadi yule wa kumi na moja anaepiga mwisho, maana yule ndo atakua ndani wakati huo.

Watu wa zamani walilijua hili la kusimama. Mwaka 1975 kwenye Kombe la Dunia la kwanza kabisa, Uingereza, ilikuwepo timu ya Afrika Mashariki, wachezaji wa Kenya, Uganda, Zambia na wetu wa Tanzania humo humo. Mechi ya kwanza walikutana na New Zealand, mpigaji wao Glenn Turner akapiga 171 bila kutolewa, jumla 309, enzi hizo ni ova 60. Watu waliokua wanacheza kwa ridhaa tu, wana kazi zao, wamekutana na mlima ule, unategemea waishe ova ya 30. Hawakuisha. Walikaa ova zote 60 wakamaliza 128 kwa wiketi 8. Wamefungwa kwa 181 ndio, ila hawakutolewa, na mimi skoa ile naiheshimu sana. Wakija watu kuniambia mechi ikishapotea haina kazi, nawatajia hiyo 128.

Tuje kwenye warushaji maana hapa napo tuliumia. Kwenye ova 50 mrushaji mmoja mwisho wake ni ova 10, kwahiyo utake usitake unahitaji watu watano, na timu nyingi za mikoani tuna wanne, huyo wa tano ni yeyote aliekaa karibu na kepteni. Sisi yule kijana wetu wa kasi tulikua tunampa ova nane mfululizo asubuhi kwasababu mpira mpya unacheza na anapata wiketi na kila mtu ana raha, alafu ova ya 42 wapigaji wao wamekaa wameiva wanaanza kupiga kila kitu, ukigeuka kumtafuta kabakiza mbili tu, na zile nyingine anakuja kurusha mtu ambae mazoezini hajawahi kurusha. Fanya hivi: usiku wa kuamkia mechi chora viboksi 50 kwenye karatasi, jaza majina. Utabadilisha uwanjani, haina shida, ila utakua unabadilisha kitu kilichopo. Mi nilikua nampa wa kasi ova tano mwanzo, mbili katikati pale wapigaji wakianza kuzoeana, tatu za mwisho.

Na upepo. Sisi watu wa pwani upepo tunaujua toka utotoni, tunajua kusi na kaskazi, ajabu tukiingia uwanjani tunasahau. Msimu wetu ulianza masika ilipoisha, kusi inavuma, mchana inapanda kweli kweli. Mtu wa kasi mpe upepo uwe mgongoni kwake. Yule wa taratibu, spina, anaeuzungusha mpira, mpe upepo wa usoni, mpira utaelea na kushuka ghafla, mpigaji ataona kama umefika kumbe bado. Mkiwa mnapiga vilevile, angalia bendera au minazi kabla hujatamani siksi, maana kupiga juu kuelekea kwenye upepo ni kumpelekea filda (mdakaji wao) mpira mkononi.

Mafilda pia usiwapange wote karibu kama mnacheza rede. Ova 10 za mwanzo kanuni inaruhusu wawili tu nje ya duara lililochorwa uwanjani, kuanzia ya 11 mpaka ya 40 wanne, kumi za mwisho watano. Hiyo ndo silaha yenyewe. Uingereza walipoanzisha Gillette Cup mwaka 1963, ndo kombe la kwanza la klabu za kaunti la siku moja, ova 65 enzi hizo, makepteni wengine walicheza kama wamezoea za siku tatu, kepteni wa Sussex Ted Dexter akawa anawatawanya watu wake mbali kuzuia rani tu. Fainali pale uwanja wa Lord's, Sussex waliisha kwa 168, wakawatoa Worcestershire kwa 154. 168 tu, na kombe wakabeba. Wazee wetu wanasema bandu bandu humaliza gogo, ila ukizuia zile bandu gogo linabaki limesimama.

Kinyume chake ukiwa unapiga, zile ova za katikati, kuanzia 15 mpaka 40, ndo pa kuokota moja moja. Nilihesabu mechi yetu moja, mipira 300 tulioipata 187 tuliiachia bila rani hata moja. 187! Alafu watu wanalalamika hatuna mtu wa kupiga siksi. Tulikua hatuna mtu wa kugusa na kukimbia. Nikaanzisha mazoezi, mkikutana jioni mnapiga ova 20 mtu akiachia mipira mitatu mfululizo bila rani anatoka anampisha mwenzie, hamna mjadala. Wiki mbili za kwanza walinuna. Mwezi wa pili mambo yakawa mengine kabisa.

Pichi, ule ukanda wa katikati mpira unapodundia. Sisi tulilelewa kwenye mkeka wa makumbi umetandikwa juu ya zege kwenye kiwanja cha shule, mpira unaruka hadi kifuani kwahiyo vijana wetu wote wanajua kuvuta na kukata, yale mapigo ya mpira wa juu. Ukienda kwenye pichi ya udongo na nyasi mpira unakuja chini na unachelewa, wanavuta hewa, mpira unaingia kwenye vijiti. Hapo wiketi tatu zimeondoka hamjakaa sawa. Kwahiyo siku tano kabla piga simu uliza tunachezea nini, na mazoezi ya wiki hiyo yawe ya kupiga kwa bati lililonyooka, mbele, na mpira mzee uliokwisha makali.

Safari nisiifiche, ni gharama na inachosha. Tanga mpaka Dar ni kilomita 350 hivi, kupitia Segera na Chalinze, na kuna mara tuliondoka saa nane usiku ili tukacheze saa tatu asubuhi tuokoe hela ya kulala. Tulirusha kwanza siku ile, ova ya 20 mafilda wanasinzia wamesimama, tukaangusha madaka manne. Ondokeni ijumaa mchana baada ya swala, kila mtu akalale kwa ndugu yake, hamna mtu wa Tanga asiekua na shangazi Dar. Kapu la machungwa ya Muheza lisikose, mapumziko ya maji wape vipande na chumvi kidogo, soda waache mpaka mechi iishe. Na kepteni akae mapema na ampaya (mwamuzi) na kepteni mwenzie wakubaliane mapumziko ya kati yaangukie adhuhuri, watu waswali na kula kwa utulivu. Tukifanya hivyo nusu ya pili tunaanza na watu wana akili zao.

Mvua kidogo tu niseme, maana mechi za mwisho zinaweza kukutana na vuli. Zamani mvua iliharibu watu, 1992 nusu fainali ya Kombe la Dunia Afrika Kusini walikua wanahitaji 22 kwa mipira 13, mvua ikanyesha, wakarudi wanahitaji 21 kwa mpira mmoja. Siku hizi kuna hesabu ya Duckworth, Lewis na Stern, ilianza kutumika 1997 ikiitwa Duckworth na Lewis, inaangalia ova zilizobaki pamoja na wiketi ulizonazo. Kwahiyo ukiona wingu zito linakuja usiwatume watu wakapige ovyo kuwahi, wiketi ulizobaki nazo ndo zitakazokutetea mkirudi.

Msimu uliofuata tulikutana na ileile hali, siamini mpaka leo ilivyofanana. Tunafukuzia 240 na ushee, tuko 71 wiketi saba, ova ya 24. Safari hii benchi zima kimya. Nikatuma maji na ujumbe mmoja tu: kaeni. Wiketi ya nane ikaondoka, ya tisa ikaondoka ova ya 35, akaingia kijana wetu wa mwisho, fundi baiskeli, ambae msimu mzima hakuwahi kukaa ova mbili. Akakaa. Mwenzie anaokota moja moja yeye anazuia tu, mpira wa mwili anaumeza, wa nje anauacha, mafilda wamemzunguka wanamsemesha hawajibu. Ova 50 zikaisha tuko 139 kwa wiketi 9, yeye ana rani 6 kwa mipira 41. Tumefungwa, na tulimbeba juu mpaka nje ya uwanja, wenzetu walioshinda wanatushangaa. Mwisho wa msimu tulipita kwa 0.07. Mpaka leo nikimkuta barabara ya 12 namsimamisha na baiskeli yake nimpe mkono.