Kwa nini mlinikuta sakafuni nikitetemeka

Mama, na ninyi ndugu zangu,

Tangu mdogo wangu aliponipigia simu ya video akanikuta nimelala chali sakafuni, miguu ikitetemeka kama ya mwenye homa, nimeulizwa kama naumwa, kama nimepagawa, na kama kweli huku ughaibuni watu hulipia kufundishwa kutetemeka. Siumwi, sijapagawa, na ndiyo, watu hulipia.

Picha ninazowatumia hupigwa mchana, hazionyeshi usiku wangu. Katika mwaka wangu wa pili huku nilikuwa na kazi mbili, moja ya usiku, na ombi langu la kibali cha ukaazi lilikuwa bado halijajibiwa. Nilikuwa nikiamka vidole vimekunjwa ngumi ndani ya blanketi, taya zikiuma kwa kusaga meno. Daktari hakuona ugonjwa wowote, lakini aliponibonyeza bega kwa kidole gumba niliruka kama niliyeunguzwa.

Mwili unapohisi hatari hujiandaa kupigana au kukimbia: moyo huenda mbio, misuli hukaza, pumzi huwa fupi, na hatari ikishapita hali hiyo hutulia yenyewe. Sasa hofu ya mgeni anayesubiri karatasi haina wa kupigana naye wala pa kukimbilia, kwa kuwa ni bahasha tu ambayo haijafika, na kwa hiyo mwili hubaki umejikaza miezi na miezi hadi mwenyewe akasahau kwamba umekaza.

Ndipo nikaanza kujifunza kuulegeza mwili. Zoezi la kwanza nililofundishwa lina umri mkubwa, maana Edmund Jacobson, daktari wa Marekani, aliliandika katika miaka ya 1920. Unakaza kundi moja la misuli kwa sekunde tano hivi, kisha unaliachia ghafla na kulisikiliza likilegea, ukianzia miguuni na kupanda hadi usoni. Nilipofika kwenye paji la uso niligundua kwamba nilikuwa nimelikunja siku nzima. La pili ni kupumua polepole, kama mara sita kwa dakika badala ya zile 12 hadi 20 za kawaida, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, kwa sababu moyo hupunguza mwendo tunapotoa pumzi. Hili nalifanya hata ndani ya basi, na hakuna anayejua.

Lile mliloliona limetokana na mafunzo ya Mmarekani David Berceli. Unachosha mapaja kwanza kwa kuegemea ukuta magoti yakiwa yamekunjwa, kisha unalala chali, nyayo zikigusana, na kuinua magoti kidogo kidogo mpaka mtetemo uanze wenyewe. Mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaogopa ulipopanda hadi kiunoni, kisha nikapitiwa na usingizi palepale na soksi zangu. Ukitaka kuukomesha, unanyoosha miguu. Mwenye kifafa, mjamzito au aliyepasuliwa karibuni asijaribu kabla ya kumwona daktari.

Wanaouza mafunzo haya hudai kwamba mtetemo hutoa kiwewe kilichojificha mwilini. Mimi siwezi kuwaambia hivyo, kwani utafiti uliopo ni mdogo mno kubeba dai zito namna hiyo. Katika darasa moja nilimwona kijana aliyevuka bahari kwa mashua akianza kulia na kutapatapa, na mwalimu akabaki anamwambia apumue tu, kana kwamba hajui kwingine pa kumpeleka. Aliyepitia mambo kama hayo anahitaji mtaalamu wa afya ya akili. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa watu wazima wa namna hiyo tiba ya mazungumzo inayolenga tukio lenyewe, pamoja na ile ambayo mgonjwa hukumbuka tukio huku macho yakifuata mkono wa mtaalamu. Mazoezi ya sakafuni hayajafika huko.

Na kibali kilipotoka, ngumi hazikufunguka siku hiyo. Ziliendelea karibu miezi minne. Kilichonisaidia kuliko vyote ni kuacha kazi ya usiku, na ndiyo sababu fedha ninazotuma zimepungua, jambo ambalo nilipaswa kuwaambia mapema badala ya kusingizia benki.

Mama, ukipiga saa tatu usiku nisipopokea, niko sakafuni. Nitakupigia nikiinuka.