Herufi za kisu na herufi za patasi

Shikamoo babu. Natunga hadithi ya kisiwa cha kubuni, watu wake wanaandika kwa runi, zile herufi za kale za kuchonga, kama mbilikimo wa Tolkien, yule mtunzi wa hadithi. Nimechora herufi 26, a mpaka z, zimepindapinda uzuri. Mwenzangu anasema hizo si runi. Kwani runi lazima zinyooke?
Msomaji, Wete

Marahaba mjukuu wangu. Mwenzio kasema kweli, ila sababu hakukupa. Runi za Ulaya ya kaskazini zilichongwa sana kwenye vijiti. Mti una nyuzi: mstari ukiulaza sambamba nazo haukai vizuri, pengine unakipasua kijiti, na duara ndiyo linakwamisha kisu kabisa. Basi mistari ikawa ya kusimama na ya mshazari. Kule Bergen, Norwei, palipofukuliwa baada ya moto wa 1955, vilitoka vijiti mamia: vya kufunga kwenye mizigo kuonyesha mwenyewe nani, vya barua, hata kimoja ambacho Gyda anamwambia mtu arudi nyumbani. Nadhani alikuwa kilabuni.

Usinambie milango ya Mji Mkongwe nayo ni mti na imejaa maua na maandishi ya Kiarabu. Anayeichonga ni fundi, ana nyundo, patasi za kila namna, na kazi kalipwa. Kadhalika maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107: yale ni tumbawe, na tumbawe likitoka baharini huwa laini. Runi ni za mtu mwenye kisu chake tu. Amua kwanza kisiwani kwako nani anaandika, na kwa chombo gani.

Hiyo a mpaka z ndiyo iliyonikera zaidi. Tolkien alikuwa profesa wa Kiingereza cha kale pale Oxford. Kwenye kitabu chake cha 1937, The Hobbit, alitumia runi za Waingereza wa zamani, akazirekebisha kidogo. Lakini Cirth, runi alizozibuni mwenyewe, zinafuata sauti. Shina lenye tawi moja ni t. Liongeze tawi mstari, unapata d. Igeuze t itazame upande wa pili, ni th. D nayo ukiigeuza, dh. Tawi likikaa pande zote mbili za shina, n. Na p, b, f, v, m zinakwenda vivyo hivyo. Ukijua mbili tatu, nyingine unazikisia.

Nasi sauti zote hizo tunazo! Basi q na x zitupe, c ya peke yake pia, nafasi uwape ch, sh, gh, ny na ng'.

Ukimaliza, chukua kipande cha ubao laini ulichonge jina la shujaa wako. Herufi itakayokukata kidole, ibadilishe. Na shujaa mwenyewe mpe jina fupi.