Mechi ya tatu naporomoka, hivi akili yangu inaenda wapi?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Mimi ni kijana wa Tanga, nipo Houston mwaka wa nne sasa, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Wenzangu wa kazini waliniingiza kwenye ligi ya bolingi, ule mchezo wa kubingirisha mpira mzito kuangusha pini 10, kila Alhamisi jioni tunacheza mechi tatu halafu ndo tunaingia kazini, na mchezo wenyewe nimeupenda kweli. Shida ni kwamba mechi ya kwanza napata 160 hivi, ya pili 145, ya tatu sijui nini kinanikumba nashuka mpaka 110. Timu inasema sina konsentresheni. Nimejaribu kukaza macho, kahawa, kukaa peke yangu kimya, wapi. Kuna mazoea ya kila siku ya kuifunza akili itulie au ndo nilivyoumbwa?

JIBU: Mdogo wangu, hujaumbwa hivyo, hilo litoe kichwani kabisa. Nimecheza ligi hukohuko Marekani miaka 6 na mechi ya tatu ilinitesa vilevile.

Kabla ya akili tuongelee mafuta. Leni, yaani ile njia ya vibao mpira unapobingirika, inapakwa mafuta, ukisimama pale huyaoni vizuri, mara nyingi yanafika kama futi 40 katika zile futi 60 za kutoka laini ya faulo, ile usiyoruhusiwa kuivuka ukirusha, mpaka pini ya mbele. Kila mpira unaopita unayachota, ndo maana ukirudi unauona una mstari wa mafuta umeuzunguka. Sasa mkifika mechi ya tatu ile njia mnayopita wote imeshakauka, kwa hiyo mpira uleule kwa mkono uleule unakata kona mapema, unaigonga pini ya mbele usoni, unakuachia pini mbili zimeachana huku na kule, na wewe unarudi kukaa unajilaumu akili imechoka kumbe leni imebadilika na hukuiona. Kama unatumia mkono wa kulia sogeza miguu kushoto vibao viwili, urushe, uangalie tena. Leni ina vibao 39, nafasi ya kusogea ipo. Tazama kila mpira mpaka ugonge, wako na wa wenzako, usigeuke kabla. Hilo ndo zoea la kwanza na nina hakika litakurudishia pointi kadhaa.

La pili, hayo mambo ya kukaza macho na kukaa peke yako jioni nzima acha. Mechi tatu na timu zinakula masaa mawili na zaidi, lakini zamu yako wewe ni kama nusu dakika tu. Hakuna binadamu wa kubana akili masaa mawili, ukiibana hivyo mechi ya kwanza unaimaliza yote. Kaa na watu, ongea, cheka, halafu uwe na kitu kimoja cha kuiwasha. Mimi nilikuwa na taulo. Jina langu likifika nauchukua mpira, naufuta ule mstari wa mafuta taratibu mpaka uishe, natoa pumzi moja ndefu, nikiweka taulo chini basi, sisikii mtu. Nilifanya hivyo kila mara bila kuruka, hata nikiwa na hasira, na baada ya kama miezi miwili mkono ukigusa taulo tu moyo wenyewe unashuka. Simu iwe kwenye begi muda wote huo, hapo sikubembelezi.

Sasa mazoea ya kila siku, maana Alhamisi peke yake haitoshi. Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary kule Kanada, Joan Vickers, miaka ya 1990 aliwapima wachezaji wa basketi wakati wa mitupo huru, macho yao yanaangalia wapi, akakuta wale wanaolenga vizuri wanaliwahisha jicho sehemu moja na kuliacha hapo, limetulia, kabla mkono haujaanza kurusha. Bolingi ina mishale 7 iliyochorwa kwenye leni, ipo kama futi 12 mpaka 16 mbele yako, na wachezaji wengi wazuri wanalenga mshale, hawalengi pini. Wewe upo ghalani, una bahati. Kila ukitoka mapumziko chukua maboksi 10 ya kwanza, moja kwa kila fremu, yaani zile zamu zako 10 za mechi, angalia hasa sehemu boksi litakapokaa, jicho lifike kwanza, mikono ifuate, na usilitoe jicho mpaka boksi litulie. Ni dakika chache tu na mtu wa pembeni wala hajui unafanya nini. Nyumbani pia, kabla ya kuoga, tembea hatua zako nne za kurushia bila mpira, macho kwenye doa moja la sakafu, mara tano.

Usingizi nao. Mtu wa zamu ya usiku anacheza Alhamisi jioni akiwa ametoka kuamka au hajalala kabisa, na kahawa hairudishi usingizi. Alhamisi lala kwanza, shughuli nyingine zisogee Ijumaa.

Halafu spea, yaani kuzimaliza kwa mpira wa pili pini zilizobaki, hapa ndo roho yangu ilipo. Angusha pini 9 kila fremu na ukose ile moja, unamaliza na 90. Angusha hizohizo 9 halafu imalizie moja kila mara, na ule mpira wa nyongeza mwishoni uangushe 9, unapata 190, maana kila spea ni 10 na unaongezewa pini za mpira unaofuata. Straiki, yaani zote 10 kwa mpira wa kwanza, hata moja hakuna! Watu wanawasha akili kwenye mpira wa kwanza, ikibaki pini ya 10 kule kona wanarusha huku wameshakasirika. Futa mpira upya, pumzi upya, kama ndo umefika sasa hivi.

Nunua kidaftari. Usiandike alama, skrini inazo. Andika spea za pini moja ulizokosa mechi ya kwanza na ulizokosa mechi ya tatu, mbalimbali, Alhamisi sita mfululizo, halafu niandikie hizo namba.